Kisiwa, Alisi, Adili au Bwana Msa: kipi uwasomee watoto?

Vitabu vya hadithi vya zamani vinajivuta, na anayetaka kuwasomea watoto kwa sauti heri alijue hilo mapema. Viliandikwa wakati msomaji hana simu mkononi wala katuni sebuleni, na mtunzi hakuona haya kutumia aya nzima kuorodhesha vitu vilivyomo kwenye sanduku la baharia mlevi. Lakini havijivuti mahali pamoja. Kimoja huanza taratibu kisha hushika kasi. Kingine kina matukio chungu nzima ila sentensi zake ni nzito. Kingine hakina haraka kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, kwa sababu watu wake kazi yao ni kuzungumza. Kabla ya kuuliza kitabu ni cha umri gani, uliza kinajivuta wapi, kwa kuwa hapo ndipo watoto watakapopiga miayo na wewe utakapokaukiwa koo.

Nalinganisha vitano ambavyo vipo kwa Kiswahili: *Kisiwa chenye Hazina* cha Robert Louis Stevenson, tafsiri ya Frederick Johnson, *Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu* cha Lewis Carroll, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, *Adili na Nduguze* na *Kusadikika*, vyote vya Shaaban Robert, na *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Muhammed Said Abdulla. Asiye na muda wa kusoma yote achukue hili: kama hamjawahi kusoma kitabu kizima pamoja, anzeni na Adili. Kama mna watoto wa rika mchanganyiko na mna subira ya mwezi na ushee, chukueni Kisiwa. Alisi ni wa watoto wanaopenda upuuzi mtamu. Bwana Msa, mpelelezi wa *Mzimu wa Watu wa Kale*, awasubiri wakubwa kidogo. Kusadikika nitakieleza, kwa sababu kina masharti yake.

Umri ninaoutaja ni wa kusikiliza, si wa kusoma. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kufuata kwa sikio hadithi ambayo akipewa aisome mwenyewe itamshinda hadi afike la sita. Sauti ya mtu mzima humsaidia sana: inamwonyesha nani anatania, nani anatisha, na neno asilolijua lina uzito au halina.

Kisiwa na Alisi

Vyote viwili vilizaliwa mdomoni kabla ya kuwa vitabu. Tarehe 4 Julai 1862, Charles Dodgson, mwalimu wa hesabu wa Oxford ambaye vitabuni alijiita Lewis Carroll, alikuwa mashuani katika mto Thames na rafiki yake pamoja na mabinti watatu wa familia ya Liddell. Akawatungia hadithi papo kwa papo, na yule wa kati, Alice, akamwomba aiandike. Kitabu kikatoka mwaka 1865. Stevenson naye, mwaka 1881, alikuwa amefungiwa na mvua katika kijiji cha Braemar huko Uskoti, akachora ramani ya kisiwa akiwa na mtoto wake wa kambo, Lloyd. Ramani ikazaa hadithi, naye akawa anaandika sura na kuwasomea watu wa nyumbani. Baba mzazi wa Stevenson, mhandisi wa minara ya taa, alinogewa kuliko hata mtoto, na ndiye aliyemtungia ile orodha ya vitu vya kwenye sanduku. Kwa hiyo aya inayoonekana kujivuta ukiisoma kimya ilitungwa na mzee aliyekuwa akisikiliza na kufurahi. Isome kwa sauti, kitu kimoja baada ya kingine, kama mnada, utaona watoto wanavyosogea.

Kwa urefu havilingani hata kidogo. Alisi ana sura 12, Kisiwa kina 34. Sura zenyewe zinakaribiana kwa ukubwa, kila moja ni robo saa au dakika 20 kwa msomaji asiyekimbia. Ukisoma sura moja kila usiku, Alisi ni wiki mbili pungufu, Kisiwa ni wiki tano, na ukiweka siku za wageni, homa na maandalizi ya mitihani, hesabu miezi miwili.

Uzito wa Kisiwa uko mwanzoni. Jim Hawkins ni kijana wa nyumba ya wageni kando ya bahari, na hadi sura ya kumi inapoanza, meli haijang'oa nanga. Ni siku nyingi kwa mtoto aliyeahidiwa maharamia. Kinachomshikilia ni hofu. Baharia mzee Billy Bones anamlipa Jim peni nne kila mwezi ili amwangalizie baharia mwenye mguu mmoja, na Jim anaanza kumwota huyo mtu kabla hajamwona. Kisha anakuja kipofu Pew, anasikika akigonga fimbo barabarani kabla hajafika. Hapo usisome tu. Chukua kijiko cha mwiko, gonga sakafu, ko, ko, ko, nyamaza, halafu gonga tena kwa karibu zaidi. Mtoto wa miaka saba atakuja kukaa ubavuni kwako bila kuitwa.

Sura ya 11 ndiyo mlango. Jim yuko ndani ya pipa la matofaa, anamsikia mpishi wa meli, Long John Silver, akipanga uasi na wenzake. Kuanzia hapo kazi yako ni kuzuia watoto wasikulazimishe kusoma sura tatu kwa mkupuo. Kuna kisiki kimoja tu mbele: sura za 16 hadi 18 msimulizi si Jim tena bali Daktari Livesey, na watoto hupotea njia, "Sasa huyu nani anaongea?" Badilisha sauti, au waambie wazi kabla hujaanza.

Alisi ni kinyume chake. Hakuna kungoja: katika kurasa za kwanza kabisa sungura mweupe anatoa saa mfukoni, Alisi anamfuata, anatumbukia shimoni. Uzito wake ni kwamba hakuna kamba inayounganisha usiku mmoja na wa pili. Leo amekuwa mdogo kama kidole, kesho anazungumza na kiwavi, keshokutwa yuko kwenye karamu ya chai ambako daima ni saa kumi na mbili jioni, kisha anacheza mchezo wa kugonga mpira ambapo nyundo ni heroe aliye hai na mpira ni kalunguyeye. Ni raha tupu, ila ukiacha siku mbili hakuna mtoto atakayekuja kukuuliza "ikawaje?", kwa sababu hakuna kilichokuwa kinaningʼinia. Halafu kuna utani wa maneno na mashairi. Carroll aliyakejeli mashairi ambayo watoto wa Kiingereza wa wakati ule walikuwa wakikaririshwa shuleni, na kejeli ya shairi usilolijua haichekeshi. Mfasiri yeyote wa kitabu hiki ana kazi ya kuwatafutia wasomaji wake kicheko kingine. Kiswahili kimejaribu mara mbili: kuna *Elisi katika Nchi ya Ajabu* ya mwaka 1940, na hii ya Hadjivayanis iliyochapishwa na Evertype mwaka 2015. Ukiweza kupata zote mbili, msome ukurasa mmoja mmoja kwa zamu. Watoto wanaojua Kiswahili vizuri huwa hakimu wakali wa jambo hilo.

Mimi kati ya hivi viwili nachukua Kisiwa, na sababu ni Silver. Ni muuaji, ni mwongo, anampenda Jim kwa dhati, na mtoto hatulii mpaka ajue amweke upande gani. Maswali yake hayaishi usiku ule ule. Alisi hana mtu wa namna hiyo. Watu wake wote ni vituko. Lakini mtoto wa miaka mitano au sita Kisiwa kitamwacha njiani, na Alisi atamchukua.

Tahadhari kwa upande wa Kisiwa: kuna ulevi mwingi wa ramu, na kuna vifo vya waziwazi. Katika sura ya 14 Silver anamrushia gongo lake mtu aliyekataa kujiunga naye, kisha anamaliza kwa kisu. Mtoto mwepesi kuota ndoto mbaya, sura hiyo msomee mchana.

Shaaban Robert dhidi ya Shaaban Robert

Wengi wetu tulikutana na Shaaban Robert darasani, tukiwa na kalamu ya kupigia mistari chini ya maneno, na tukamwacha hukohuko na karatasi za mitihani. Ni hasara. *Adili na Nduguze*, kilichotoka mwaka 1952, ni hadithi ya usiku hasa, tena chimbuko lake ni kisa cha Alfu Lela Ulela, yaani nacho kina damu ya masimulizi. Mfalme Rai wa Ughaibuni anamtuma Ikibali kwa Adili, liwali wa Janibu, kufuata kodi. Usiku Ikibali anamwona mwenyeji wake, mtu mwema anayesifiwa na kila raia, akienda kuwachapa manyani wawili, kisha anawabembeleza huku analia.

Sidhani kuna mwanzo bora kuliko huo katika vitabu vyetu vya watoto. Soma hadi hapo, funga kitabu, uone. "Kwa nini anawapiga kama anawaonea huruma?" Hilo ndilo swali linaloendesha kitabu kizima, na jibu linachukua muda kufika, kupitia safari za bahari, mji ambao watu wake wamegeuka mawe, na jini aitwaye Huria. Manyani ni ndugu zake wa tumbo moja, Hasidi na Mwivu. Watoto hung'amua haraka kwamba kila mtu ameitwa kwa tabia yake, na wakishang'amua hawaachi kubashiri atakayeingia atakuwa mtu wa namna gani.

Uzito wa Adili uko ndani ya sentensi. Hadithi inakimbia, lakini kila baada ya hatua chache mtunzi anasimama kutoa hekima, na hekima ya Shaaban Robert ina mizani yake: sehemu hii inasema hivi, sehemu ile inaijibu. Macho ya mtoto yatairuka. Masikio yanaipenda, kwa sharti msomaji asiharakishe. Isome kama unavyosoma utenzi, kwa vituo. Neno gumu liache lipite kama maana ya jumla imeeleweka, maana msomaji anayesimama kila mstari kueleza msamiati ameshageuza usiku kuwa kipindi cha Kiswahili, na watoto watakukimbia kwa haki. Kwa ufupi wake, wiki moja inatosha kukimaliza, na kukimaliza ndiko kunakomfanya mtoto aamini kwamba hivi vitabu vina mwisho.

*Kusadikika*, cha mwaka 1951, ni mnyama mwingine. Nchi yenyewe iko angani, jambo ambalo mtoto analipokea bila shida. Karama anashitakiwa na waziri Majivuno, kosa lake ni kutaka watu wafundishwe sheria, naye anajitetea mbele ya mfalme kwa kusimulia visa vya wajumbe sita waliotumwa mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini, kila mmoja akarudi na jambo la manufaa, na kila mmoja akatupwa kifungoni. Uzito hapa ni mahakama. Watu husimama na kuhutubia, na hotuba za Shaaban Robert si fupi. Kitabu kilitoka chini ya utawala wa kikoloni, na wahakiki wengi wamekisoma kama lawama kwa utawala huo, lakini mtoto wa miaka tisa hajali hilo, anataka kujua mjumbe wa mbinguni aliona nini.

Kinafaa kusomwa kwa mafungu, mjumbe mmoja kwa usiku mmoja, na hotuba za barazani uzipunguze bila aibu. Kwa watoto wa miaka 11 kwenda juu, hasa wale wabishi wanaodai haki kila wakigawiwa nyama, Kusadikika kinapita Adili kwa mbali. Chini ya hapo Adili anashinda bila ubishi. Na mtoto asiyependa kupigwa-pigwa kwa wanyama hadithini, mwambie mapema kwamba mwisho wa Adili una msamaha.

Bwana Msa, kwa waliokomaa kidogo

*Mzimu wa Watu wa Kale* kilishinda shindano la uandishi la Ofisi ya Vitabu ya Afrika Mashariki la 1957 na 1958, kikachapishwa mwaka 1960. Hakikuandikwa kwa ajili ya watoto, nami nimekiweka hapa kwa sababu kijana wa miaka 12 aliyekataa "vitabu vya watoto" atakikubali hiki. Kuna maiti kwenye mzimu, kuna Bwana Msa na kiko chake, kuna sahibu yake Najum anayeona kila kitu asielewe chochote.

Kinajivuta kwa mazungumzo. Watu wa Unguja wanakaribishana, wanataniana, wanazunguka jambo kabla ya kulisema, na ushahidi umefichwa humohumo ndani ya maneno ya kawaida. Msomaji wa kimya huruka kurasa. Kwa sauti ni kama mchezo wa redio, na raha huongezeka mkigawana sauti: mmoja Msa, mmoja Najum, mwingine kila askari na kila shahidi. Ukikilinganisha na Kisiwa, hiki hakitishi sana na hakina mbio, ila kinamfanya msikilizaji afanye kazi. Kabla ya kufungua ufafanuzi wa mwisho, kila mtu aandike kwenye karatasi jina la anayemshuku. Kiswahili chake cha Unguja kinaweza kumkwaza mtoto wa Mwanza au Kisumu kwa kurasa za mwanzo, kisha anakizoea.

Nilivyoviacha

*Mashimo ya Mfalme Sulemani* nimekiacha kwa makusudi. Kina mwendo kuliko Kisiwa, ni kweli, lakini Afrika yake ni ile inayotazamwa na mwindaji wa tembo wa Kizungu, na kila jioni utajikuta unasimamisha hadithi ili uirekebishe. Msome na kijana wa sekondari, mbishane. Alfu Lela Ulela yenyewe, aliyoifasiri Hassan Adam kwa Mkuki na Nyota, ni hazina kubwa ila lazima mzazi apite kwanza, kwa kuwa visa vingine si vya watoto kabisa. *Kurwa na Doto* cha Muhammed Saleh Farsy ndicho cha polepole kuliko vyote, kinaeleza maisha ya kijiji cha Unguja kwa utulivu ambao mimi naupenda na watoto wengi hawaupendi. Kiwekeni kwa ajili ya bibi.

Kulingana na nyumba yako

Watoto wa umri tofauti chumba kimoja: Kisiwa. Mdogo atasinzia kwenye mipango ya Squire Trelawney, tajiri anayegharamia safari, na kuamka kwenye bunduki, na hakuna kitakachoharibika. Mtoto mmoja peke yake, mwenye mawazo mengi: Alisi. Mzazi anayerudi saa tatu usiku amechoka hoi: Adili, kwa vipande vya dakika kumi, kwa sababu mtunzi mwenyewe amekuwekea pa kupumzika.

Familia zilizo Muscat, London au Toronto, ambako mtoto anaelewa Kiswahili cha jikoni lakini si cha kitabuni, zina shida yake. Shaaban Robert atakuwa mzito mno kwa kuanzia, hata kama ndiye unayetamani wamjue. Anza na Alisi: matukio yanajieleza, na mara nyingi mtoto tayari ana picha zake kichwani kutoka kwingine, kwa hiyo lugha haibebi mzigo wote peke yake. Adili aje wa pili.

Hilo la lugha lina upande wa pili kwa nyumba za Nairobi na Dar ambazo watoto husoma shule za Kiingereza. Kishawishi ni kuchukua Kisiwa kwa Kiingereza chake. Kiingereza cha 1883 chenye lahaja ya mabaharia humchosha hata mtu mzima, na watoto wetu hawakosi Kiingereza mchana kutwa. Tafsiri ya Johnson, aliyekuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Kiswahili iliyoundwa 1930, ina Kiswahili kilichonyooka chenye maneno ya bahari ambayo mtoto wa leo hayasikii kwingine kokote.

Kuipata ndiyo kazi. Adili na Kusadikika ulizia kwenye maduka ya vitabu vya shule. Kisiwa cha Johnson utakipata zaidi kwenye maktaba, kwa wauza vitabu vya mitumba na kwenye makabati ya walimu wastaafu. Ukikikosa kabisa, maandishi ya Kiingereza ya Stevenson na ya Carroll yako huru, yanapakuliwa bure kwenye mtandao wa Project Gutenberg, na mtu anayejua lugha zote mbili anaweza kupitia sura mchana kisha usiku akaisimulia kwa Kiswahili chake mwenyewe, kurasa mkononi. Atapoteza baadhi ya maelezo, atapata uhuru wa kupunguza ramu. Na ukinunua nakala ya mitumba, fungua nyuma kabla ya kulipa: kurasa za mwisho ndizo hunyofoka kwanza, na Kisiwa bila sura ya 34 kitakufanya uchukiwe na watoto wako mwenyewe.